Springi Tumeongeza, Breki Je?

Watu wangu wa Kusini, leo nina ugomvi na pikapu zetu.

Hapa Kibuyuni pikapu ndiyo mkono wa kulia. Hubeba mwani wa kina mama ukishakauka, samaki, simiti, mawe ya matumbawe, na watu wa harusi juu yake. Ya mjomba wangu ilitoka dukani ikiwa ya tani moja. Tangu hapo fundi ameiongeza springi mara mbili, na kila mara mzigo umeongezeka. Breki hazijaguswa: diski mbele, dramu nyuma, kama ilivyokuja.

Majuzi tukiteremka Likoni kuingia feri, pedali ikazama mpaka chini. Mjomba akapampu, ikashika mara ya tatu. Tanboi alikuwa ameshajirusha na gogo lake, analitia chini ya tairi. Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na kina mama na mabeseni yao.

Gogo lile lilinifanya nitafute haya mambo yalianzia wapi. Mwaka 1888, Bertha Benz alichukua gari la mumewe bila kumwambia, akapakia wanawe wawili na kwenda kutoka Mannheim hadi Pforzheim kule Ujerumani, zaidi ya kilomita 100. Breki zilikuwa za mbao. Milima ikazila. Akamwendea fundi viatu, akamwambia azipigilie ngozi. Miaka kama tisa baadaye, Uingereza, Herbert Frood akawaona wakulima wakitia viatu vikuukuu kwenye breki za mikokoteni yao ili wateremke salama. Akaanza kutafuta kitu bora cha kutia pale, na ndipo ilipotoka Ferodo. Kwa hiyo msimcheke tanboi wetu, ana ukoo mrefu. Ila wale wenzake waliendelea mbele. Sisi bado tuko kwenye gogo.

Mwaka 1902 Louis Renault alileta breki ya dramu. Mwaka huo huo Mwingereza Frederick Lanchester akapata hataza ya breki ya diski, lakini dunia ikaenda na dramu. Mpaka 1953, Jaguar iliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans ikiwa na diski, ndipo wengi wakashtuka. Siri ni joto. Dramu ikipata moto hutanuka, inaikimbia shuu iliyo ndani yake. Diski huvimba kuelekea pedi, na iko nje, inapigwa na upepo. Tena kwetu sisi tunaopakia ufuoni, dramu inafuga mchanga na chumvi.

Hilux ya kwanza, 1968, ilikuwa na dramu magurudumu yote manne. Diski za mbele zilikuja baadaye. Lakini hata hizo zimepigiwa hesabu ya uzito wa kiwandani, si ya mjomba.

Na hapa ndipo springi zinapotuponza. Nyuma ya pikapu nyingi kuna valvu yenye kijiti kilichoungwa na ekseli. Bodi ikididimia kwa mzigo, valvu inapeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukishatia springi ngumu, bodi haididimii. Valvu inadhani gari ni tupu! Umeongeza mzigo na umepunguza breki, kwa pesa yako mwenyewe.

Mafuta ya breki nayo hunywa maji kutoka hewani, na hewa ya Pwani mnaijua. Yakipata moto yale maji yanachemka, mvuke unaingia kwenye paipu, pedali inakuwa sponji. Ya mjomba hayakuwa yamebadilishwa tangu anunue gari.

Nilipomwambia, akanijibu, "Mwanangu, springi inaniletea pesa. Breki itaniletea nini?" Nikamuuliza, siku ile Likoni angelipa shilingi ngapi pedali ishike mara ya kwanza. Akanyamaza, akatoa simu, akampigia fundi.

Tumekubaliana diski nene za mbele, pedi nzuri, shuu mpya nyuma, paipu na mafuta mapya, na ile valvu irekebishwe kulingana na springi. Kupunguza mzigo amekataa. Anasema tutaongea baada ya mwani wa msimu huu. Tanboi ameambiwa gogo libaki garini.