Umejamba? Swali la Wodini Lenye Historia Ndefu

Kuna swali moja kwenye wodi ya upasuaji linalofanya watu wazima wajifunike blanketi mpaka kichwani: "Umetoa hewa?" Wengine hucheka. Wengine hudanganya, wanasema ndiyo ili wasiulizwe tena. Mimi naona hilo ni kati ya maswali ya maana zaidi hospitalini, na historia yake ni ndefu kuliko venye tunadhani.

Tuanze hapa jirani. Mwaka wa 1879, Robert Felkin, mmishonari Mwingereza aliyesomea udaktari, alishuhudia mama akipasuliwa ili mtoto atolewe, huko Kahura, Bunyoro, Uganda ya leo. Mganga alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaosha tumbo kwa hiyo hiyo, na mama akanyweshwa ili alegee. Jeraha likafungwa kwa pini saba za chuma, likapakwa dawa ya mizizi, likafunikwa na jani la mgomba. Siku ya 11 lilikuwa limepona. Kwa hivyo mtu asikwambie ati kupasua tumbo ni kitu tuliletewa na meli.

Lakini kufunga jeraha ni nusu ya kazi. Tumbo likifunguliwa na utumbo ukiguswa, utumbo hugoma. Nusu kaputi na dawa kali za maumivu kama mofini huzidisha mgomo. Hewa inabaki ndani, tumbo linafura kama ngoma, na maumivu yake saa zingine yanashinda ya kidonda. Ukijamba, hiyo ni habari njema: njia imeanza kufunguka.

Zamani, madaktari wa Ulaya na Marekani waliamini dawa ni kulala. Mgonjwa aliwekwa kitandani hata wiki mbili au tatu. Mwaka wa 1899, Emil Ries wa Chicago aliandika kwamba yeye huwapa wagonjwa chakula na kuwainua mapema. Wenzake wengi hawakumsikiza. Ilibidi Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vije, vitanda na manesi wapungue, ndipo wengi wakakubali. Daniel Leithauser wa Detroit, aliyekuwa akitembeza wagonjwa wake mapema, alitoa kitabu kizima kuhusu jambo hilo mwaka wa 1946. Miaka ya 1990, Henrik Kehlet wa Denmark akaunganisha kutembea mapema, kula mapema na kupunguza dawa za jamii ya mofini. Halafu 2002, madaktari wa Japani wakaonyesha kwamba kutafuna chingamu kunasaidia mgonjwa kutoa hewa mapema. Mdomo ukitafuna, utumbo unadhani chakula kinakuja, unaamka.

Sasa turudi Eldoret. Hospitali yetu ya rufaa, MTRH, ilianza 1917, enzi ambapo kulala ndiyo ilikuwa sheria. Sheria imegeuka, lakini sisi jamaa tunaokuja kuona wagonjwa bado tuko 1917. "Lala mama, usijichoshe." Halafu tunatoa soda na githeri kwenye kikapu! Soda ni gesi kwenye chupa, na maharagwe yanaongeza ingine. Mji wa mabingwa, na tunaogopa mgonjwa akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni?

Ukienda kumwona mtu, muulize nesi kwanza kama anaruhusiwa kuinuka na kula. Akikubaliwa, mshike mkono mtembee polepole, mara kadhaa kwa siku. Akikohoa, akumbatie mto juu ya kidonda. Akilala, ageuke upande na akunje magoti. Aliyepasuliwa kwa matundu madogo anaweza kuumwa na bega, kwa sababu ya gesi inayopulizwa tumboni wakati wa upasuaji. Kwa kawaida huisha baada ya siku chache.

Lakini kama anatapika, tumbo linazidi kufura na kuwa gumu, ana homa au maumivu yanapanda, hiyo si ya kusubiri. Ita nesi au daktari saa hiyo hiyo.

Na hapa ndipo aibu inaweza kuumiza mtu. Mgonjwa akidanganya kwamba amejamba, daktari anaweza kudhani utumbo umeamka kumbe bado umelala. Kwa hivyo nesi akiuliza, sema ukweli, bana. Na jirani wa kitanda akijamba, usicheke. Mpe pole na hongera.