Architects: Mtunzi wao aliaga 2016, pacha wake akashika kalamu

Kama huwa unaruka metalcore juu unaiona ni makelele ya wazungu, tulia kidogo usome hii. Na kama wewe ni wale wa kuvaa nyeusi juu ya nyeusi hata jua la Kanairo likiwaka, hii stori pengine unaijua nusu. Nusu ile ingine ndio nzito.

Architects ni bendi ya Brighton, mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Ilianzishwa 2004 na mapacha wawili wakiwa bado matineja: Tom Searle kwa gita, Dan Searle kwa dramu. Walianza wakijiita Inharmonic, wakabadilisha wakawa Counting the Days, ndio baadaye wakatulia na hili jina unalolijua.

Kwa wageni, metalcore ni hivi. Chukua uzito wa metal, changanya na hasira ya hardcore punk, halafu weka brekidauni, ile sehemu beat inapunguza mwendo ghafla, gita zinashuka chini kabisa na umati unaanza kusukumana. Juu ya hiyo yote kuna msee ananguruma, dakika ingine anaimba safi kama wa kwaya. Na usidhani ni vitu za mbali pekee. Nairobi ilikuwa na Last Year's Tragedy wakiipiga hii hii metalcore, na Duma, pia wa hapa kwetu, walienda kando zaidi, albamu yao ya 2020 ikatolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala.

Turudi Brighton. Albamu ya kwanza, Nightmares, ilitoka 2006, na kwa maiki hakuwa Sam Carter bado. Alikuwa msee anaitwa Matt Johnson. Carter aliingia 2007, Ruin ikatoka mwaka huo huo, na hapo bendi ikapata sauti yake. Ukisikia mtu akipiga kelele ya "blegh!" kabla brekidauni ishuke, jua Carter ndiye ameifanya ikuwe utani wa dunia nzima. Ali Dean wa besi alikuwa ashaingia 2006, na mpaka leo yuko.

Hollow Crown ya 2009 ndio iliwafanya watu wageuze shingo. Albamu ngumu, hesabu nyingi kwa gita, lakini ina moyo. Kisha 2011 wakajaribu kulainisha mambo na The Here and Now, na mashabiki wakawaka. Wenyewe baadaye walikuja kusema hawajivunii sana hiyo kazi. Mimi naona ilikashifiwa kupita kiasi, ina ngoma mbili tatu poa, lakini ni kweli ukiiskiza unahisi ni kama wamevaa nguo za mtu mwingine. Daybreaker ya 2012 ikawarudisha kwa mstari. Mule ndani kuna Devil's Island, ngoma waliyoandika kuhusu zile vurugu zilizowasha London Agosti 2011.

Sasa hapa ndio ushike kiti.

Tom alipatikana na melanoma, saratani ya ngozi. Aliishi nayo kama miaka mitatu, na kwa huo muda wote hakuweka gita chini. Na kumbuka hakuwa mpiga gita wa kawaida, ndiye alikuwa mtunzi mkuu wa bendi. Wakasaini na lebo ya Epitaph, wakaenda Gothenburg, Uswidi, kurekodi na Fredrik Nordström na Henrik Udd kwa Studio Fredman, na 2014 ikatoka Lost Forever // Lost Together. Ni albamu ya kufungua milango. Shabiki wa kawaida alikuwa anarukaruka tu na Gravedigger na Naysayer, lakini ukiangalia orodha ya ngoma utaona moja imeandikwa C.A.N.C.E.R. Jamaa alikuwa ameiweka wazi kabisa.

Tarehe 27 Mei 2016 wakaachilia All Our Gods Have Abandoned Us. Giza tupu. Gone with the Wind ni Tom akiongea na ugonjwa wake mwenyewe. Memento Mori, ya mwisho kwa albamu, ni karibu dakika nane za mtu anayeangalia mwisho bila kufumba macho. Wengi waliiskiza kwanza wakidhani ni hasira ya kawaida ya metal, dunia imeharibika na kadhalika. Hiyo pia imo, hawa wasee wameimba sana kuhusu siasa na mazingira, na Carter ni balozi wa Sea Shepherd, wale wanaolinda bahari. Lakini baada ya miezi mitatu hizo ngoma zilibadilika maana.

Tom aliaga tarehe 20 Agosti 2016. Alikuwa na miaka 28.

Hebu jiweke kwa kiti cha Dan. Huyu si beshte wa bendi amekuacha. Huyu ni pacha wako, mliyeanzisha naye hii kitu mkiwa matineja, na nyimbo karibu zote zilitoka kichwani mwake. Bendi ilitoa taarifa: wanataka kuendelea, lakini hawataachilia muziki wowote wasioamini kwamba Tom angejivunia. Ni ahadi nzito, juu mwenye alikuwa anapima kama ngoma imefika ndiye hayuko.

Mwaka mzima ukapita. Septemba 2017 ikadondoka Doomsday. Tom alikuwa ameianza kabla hajaaga, ikabaki nusu nusu, Dan na wenzake wakaimalizia. Wakati huo huo wakamtangaza rasmi Josh Middleton wa Sylosis kama mpiga gita, asimame kando ya Adam Christianson. Kuingia kwa pengo kama hilo si mchezo. Middleton hakujifanya Tom, na nafikiri ndio maana watu walimkubali.

Mwaka huo pia kuna kitu Carter alifanya nje ya muziki. Kwa tamasha la Lowlands kule Uholanzi, Agosti 2017, aliona jamaa akimshika matiti dem aliyekuwa anabebwa juu ya umati. Akasimamisha shoo, akamchana huyo jamaa hadharani mbele ya umati wote na kumwambia hana nafasi pale. Video ikazunguka mitandao. Wasanii wangapi huona hayo na wanaendelea kuimba?

Februari 2018 wakajaza Alexandra Palace, London, ukumbi wa kama watu 10,000. Kisha 9 Novemba 2018 ikaja Holy Hell. Dan alishika kalamu ya mashairi na akaiprodusi pamoja na Middleton. Ukiniuliza, hii ndio albamu yao kali kuliko zote. Haikudanganyi eti maombolezo yanaisha na kila kitu kinakuwa sawa. Inaanza na Death Is Not Defeat na kufunga na A Wasted Hymn, na katikati ni mtu anajaribu kuamka asubuhi.

Baada ya hapo mambo yakapanuka. Novemba 2020, Corona ikiwa imefunga kila kitu, walipiga shoo ndani ya Royal Albert Hall bila mtu hata mmoja kwa viti, ikarushwa mtandaoni. Februari 2021 ikatoka For Those That Wish to Exist, ya tisa, na ikaingia namba moja kwa chati ya albamu za Uingereza. Animals ndio ngoma kubwa mle. Baadaye waliirudia albamu nzima na okestra kwa studio za Abbey Road.

Lakini wale mashabiki wa Hollow Crown walirudi na lile lalamiko la 2011: mmekuwa laini. Ile ya 2022, the classic symptoms of a broken spirit, haikuwanyamazisha, na kusema kweli ni ya kuskiza ukiosha vyombo. Middleton akaondoka 2023, akarudi kwa Sylosis yake. Bendi nayo ikawa inafungulia Metallica shoo za viwanja Ulaya. Kisha wakaanza kufanya kazi na Jordan Fish, aliyetoka Bring Me the Horizon, na Februari 2025 wakaachilia The Sky, The Earth & All Between, ya 11. Ukali umerudi. Anza na Whiplash kama unabisha.

Kama bado hujawahi kuwaskiza, usianze na mpya hata hivyo. Anza na Gone with the Wind, ufuate na Doomsday. Ya kwanza ni Tom, ya pili ni Tom na Dan. Weka earphones, na ukiwa kwa mathree mwambie konda akushushe kwa stage yako, juu unaweza pitishwa.