Ekari Thelathini za Kwanza: Rangi na Mali katika Historia ya Wetherill Park

Wetherill Park huamshwa na malori. Kitongoji hiki, kilicho yapata kilomita 34 magharibi ya kitovu cha Sydney, kimeungana na jirani yake Smithfield kuwa mojawapo ya maeneo makubwa ya viwanda katika nusu ya kusini ya dunia: magodauni, karakana za vyuma, viwanda vya vyakula, na yadi za makontena zisizo na mwisho. Treni haifiki. Mfanyakazi asiye na gari hutegemea basi, na barabara maalumu ya mabasi kati ya Liverpool na Parramatta haikufunguliwa hadi mwaka 2003. Ndani ya magodauni husikika Kiashuru, Kiarabu, Kivietinamu, na Kiitaliano cha wazee. Manispaa ya Fairfield, ambamo kitongoji hiki kimo, imekaa miaka mingi mkiani mwa Sydney katika kipimo rasmi cha hali ya maisha, na zaidi ya nusu ya wakazi wake walizaliwa nje ya Australia.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Je, watu hawa wako mkiani kwa sababu ya asili yao au kwa sababu hawana fedha? Ni ubishi uleule wa vijiwe vya Nairobi na Dar es Salaam, na kwa kawaida kila upande huchagua mfano unaoufaa. Historia ya mahali pamoja haitoi nafasi hiyo, kwa kuwa inaonyesha kilichotangulia na kilichofuata.

Kilichotangulia ni ardhi. Eneo hili lilikuwa la Wadarug, Waaborijini wa hapo; ukoo wa Cabrogal ndio uliotumia vijito na misitu ya Fairfield. Waingereza walitia nanga Sydney mwaka 1788, na miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1791, Gavana Arthur Phillip alianza kugawa mashamba kwenye Mlima Prospect, kaskazini tu ya Wetherill Park ya leo. Waliogawiwa walikuwa wafungwa waliomaliza vifungo vyao. Kanuni ilikuwa nyepesi: ekari 30 kwa mwanamume mseja, 20 zaidi akiwa na mke, na 10 kwa kila mtoto. Mwizi wa nguo kutoka London, aliyeshushwa melini hana hata shilingi, alitoka kifungoni akiwa mwenye shamba. Mdarug aliyezaliwa pale hakuwamo kwenye orodha. Kwa fedha, wote wawili walikuwa sawa: hawakuwa nazo. Kilichowatenga kilikuwa rangi, na rangi hiyo ndiyo iliyozaa mali ya kwanza. Pemulwuy, Mwaborijini aliyeongoza vita dhidi ya walowezi wa huko, alipigwa risasi akafa mwaka 1802.

Kuna kisa kingine cha jirani ambacho wahubiri wa "soma mwanangu, utafanikiwa" hawatakipenda. Maria, binti wa Yarramundi, mkuu wa Wadarug, aliandikishwa katika shule ya watoto Waaborijini iliyoanzishwa Parramatta na Gavana Macquarie. Mwaka 1819 msichana wa shule hiyo, mwenye miaka 14, alishika nafasi ya kwanza katika mtihani wa pamoja akiwapita karibu watoto 100 wa Kizungu. Wanahistoria wanaamini ni yeye. Mwaka 1824 aliolewa na Robert Lock, seremala aliyekuwa bado mfungwa, na kwa kichekesho cha sheria za wakati ule mume akakabidhiwa kwa mkewe kama mfungwa wa kusimamiwa. Mwaka 1831 Maria aliandika ombi kwa gavana akidai shamba la marehemu kaka yake, Colebee, huko Blacktown. Alipata kwanza ekari 40 Liverpool, na shamba la kaka yake akalipata mwaka 1843. Alifariki mwaka 1878, akiwaachia watoto wake urithi.

Basi hapo kuna elimu, ndoa halali, hati na urithi. Ni kila kitu ambacho mtetezi wa nadharia ya mali angekitaka. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 20 serikali iliichukua ardhi ya Blacktown kwa hoja kwamba ilikuwa hifadhi ya Waaborijini. Mashamba waliyopewa wafungwa Weupe hayakufikwa na hoja kama hiyo.

Wakati huohuo Australia nzima ilikuwa imejifungia mlango. Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1901 haikutaja rangi popote. Ilimtaka mgeni aandike imla ya maneno 50 katika lugha ya Ulaya, na aliyechagua lugha ni ofisa. Baada ya mwaka 1909 hakuna aliyefaulu. Fedha hazikusaidia. Poon Gooey, mfanyabiashara wa matunda wa Kichina katika jimbo la Victoria, alikuwa Mkristo, mwenye Kiingereza safi na biashara iliyosimama. Mwaka 1913 mkewe aliondoshwa nchini pamoja na binti zao wawili waliozaliwa hukohuko Australia.

Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa sana. A. M. Jeevanjee alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Nairobi, akaupa mji bustani yenye jina lake mwaka 1906, na akateuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Shamba katika nyanda za juu zilizotengewa Wazungu hakuweza kulipata, wala Mhindi mwingine yeyote. Mlowezi aliyefika na madeni yake angeweza.

Waitaliano ndio walioupasua ukuta wa Australia, japo kwa ufa mwembamba. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia baadhi yao walifungwa kambini kama maadui. Vita vilipoisha nchi ilihitaji mikono, na mlango ukafunguliwa kwa Wazungu "wa daraja la pili". Wengi walinunua mashamba madogo Bossley Park, Smithfield na Wetherill Park, wakalima mboga na zabibu. Mwaka 1958 walianzisha Club Marconi huko Bossley Park, klabu ambayo baadaye timu yake ya soka ilipitiwa na vijana kama Christian Vieri na Harry Kewell. Hawakupendwa, na majina ya kejeli yaliwafuata hadi shuleni. Lakini waliwahi kununua ardhi ilipokuwa na bei ya mboga, na jiji likaja kuwakuta. Mkulima wa nyanya akajikuta na kiwanja kinachotakiwa na viwanda.

Kuwahi huko hakukutokana na akili kupita ya wengine. Mvietinamu au Muashuru mwenye bidii ileile asingeweza kununua ekari hizo miaka ya 1950, kwa sababu kwa kawaida hakuruhusiwa kushuka melini.

Mwaka 1973 una mambo mawili ambayo ni nadra kusimuliwa pamoja. Serikali ya Gough Whitlam ilifuta mabaki ya mwisho ya ubaguzi wa rangi katika uhamiaji. Mwezi Julai mwaka huohuo, serikali hiyohiyo ilipunguza ushuru wa bidhaa kutoka nje kwa asilimia 25, na viwanda vya nguo na viatu vikaanza safari ndefu ya kufa. Mlango wa rangi ulifunguliwa siku zilezile ngazi ya kiwandani ilipoanza kukatwa vidato.

Walioingia kwa mlango huo walikuwa Wavietinamu, baada ya Saigon kuanguka mwaka 1975. Wengi walipokelewa katika mabweni ya wahamiaji ya Villawood na Cabramatta, wakapanga nyumba jirani. Kazi za kushona zilipoondoka viwandani zilihamia sebuleni mwao. Ripoti ya chama cha wafanyakazi wa nguo ya mwaka 1995 ilieleza jinsi wanawake wahamiaji, Wavietinamu wakiwa mstari wa mbele, walivyoshona nyumbani usiku kucha, wakilipwa kwa kipande, wengine wakipata dola chache tu kwa saa. Je, hilo ni rangi au umaskini? Mwenye biashara ya nguo aliwachagua kwa sababu hawakujua Kiingereza na hawakuwa na akiba ya kumkatalia. Atakayetenganisha sababu hizo mbili kwa mizani ya duka la dhahabu na ajaribu.

Wachumi wamejaribu. Alison Booth, Andrew Leigh na Elena Varganova walituma zaidi ya maombi 4,000 ya kubuni ya kazi katika Sydney, Melbourne na Brisbane, sifa zikiwa sawa na majina tu yakibadilika. Ili kupata usaili sawa na mwenye jina la Kiingereza, mwenye jina la Kichina alihitaji kutuma maombi asilimia 68 zaidi, wa Mashariki ya Kati asilimia 64, na Mwaborijini asilimia 35. Mwitaliano alihitaji asilimia 12 tu. Hiyo ni kodi ya jina, na haisamehewi kwa shahada. Lakini nambari ya Mwitaliano inastahili kuangaliwa mara ya pili: babu yake aliitwa adui, mjukuu karibu haonekani kuwa mgeni. Kati yao kuna miongo mitano ya nyumba na mashamba yaliyopanda bei.

Kisha ikaja korona. Mlipuko wa Juni 2021 ulianzia mashariki mwa Sydney, upande wa ufuo wa Bondi. Julai ulipotua Fairfield, wafanyakazi waliolazimika kutoka nje ya manispaa waliamriwa kupimwa kila baada ya siku tatu, na mwishoni mwa mwezi wakatangazwa wanajeshi 300 wa kusaidia polisi magharibi mwa jiji. Wakazi wengi, baadhi yao wakimbizi wa Iraq na Syria waliowakimbia wanajeshi, waliuliza mbona Bondi haikuona sare. Serikali ilijibu kwa idadi ya maambukizi, na idadi hiyo ilikuwa kweli. Pia ni kweli kwamba godauni la Wetherill Park haliendeshwi kwa kompyuta ukiwa sebuleni. Kirusi kilifuata aina ya kazi, na aina ya kazi ilikuwa imefuata asili ya mtu kwa miaka 40.

Kwa hiyo kwa kitongoji hiki hukumu inaweza kutolewa bila kigugumizi. Rangi ilitangulia: iligawa ekari, ikaweka zamu ya kuingia, ikaamua nani anunue ardhi bei ikiwa chini. Sheria zake zilipofutwa, mali iliendelea kulipa na kunyima kwa mujibu wa zamu ileile. Anayesema leo ni fedha tu anaiona sura ya mwisho ya kitabu, na anayesema ni rangi tu hawezi kumweleza Mwitaliano.

Siasa za Fairfield zimeanza kuonyesha hali hiyo. Kwa uchaguzi wa mwaka 2022 chama cha Labor kilimweka kando Tu Le, wakili kijana mwenye asili ya Vietnam, kikamleta Kristina Keneally kutoka ng'ambo ya jiji agombee jimbo la uchaguzi la Fowler, lililokuwa la chama hicho tangu lilipoundwa mwaka 1984. Keneally alishindwa na Dai Le, mgombea huru aliyeikimbia Saigon akiwa mtoto. Mwaka 2025 Labor kilimsimamisha Tu Le, lakini Dai Le akashinda tena. Safari hii asili haikuwa na kura ya kuongeza kwa yeyote kati yao, na kampeni ikawa juu ya gharama za maisha na hospitali ya Fairfield.