Kompyuta ya Sacco hufuata mpango iliopewa

MKULIMA wa kahawa katika milima ya Iveti na mwalimu wa shule ya msingi mjini Kathiani, kaunti ya Machakos, wanaweza kuwa wanachama wa Sacco moja, lakini pesa haziwafikii kwa njia moja. Mwalimu hulipwa kila mwezi. Mkulima husubiri hadi kahawa ikobolewe, iuzwe, na malipo yafike.

Tofauti hiyo ni muhimu kwa chama chochote kinachonuia kutumia programu ya kompyuta kusimamia mikopo na ushauri wa kifedha. Programu iliyopangwa kwa kumfikiria mwenye mshahara pekee itamhesabu mkulima mwaminifu kuwa mdaiwa sugu, na wadhamini wake watajikuta wakidaiwa pesa ambazo hawakukopa.

Maana ya mtiririko wa kazi

Mtiririko wa kazi ni mpangilio wa hatua zinazofuatana tangu mwanachama alete ombi hadi amalize kulipa. Kila hatua huwa na mtu wa kuitekeleza na muda wa kuikamilisha. Programu humkabidhi mhusika kazi yake, humkumbusha siku zinapokaribia kwisha, na huweka kumbukumbu ya nani alifanya nini na lini.

Utaratibu huo si mgeni Ukambani. Katika mwethya, wanakijiji hufanya kazi katika shamba la mmoja leo na la mwingine kesho, kwa zamu inayojulikana na wote. Zamu isipojulikana, kazi hukwama na lawama huanza.

Kuanzia kwenye karatasi

Hatua ya kwanza haifanyiki kwenye kompyuta. Meneja, karani, afisa wa mikopo na kamati ya mikopo hawana budi kuketi pamoja na kuandika jinsi ombi linavyosafiri: nani hulipokea, nani huhakikisha stakabadhi zimekamilika, nani huwasiliana na wadhamini, nani huidhinisha na nani hutoa pesa.

Ni katika kikao hicho ambapo kasoro hujitokeza. Huenda ikabainika kwamba fomu hukaa wiki mbili mezani kwa sababu hakuna aliyepewa jukumu la kuwapigia wadhamini simu. Kuingiza utaratibu wenye pengo kama hilo katika kompyuta ni kuliharakisha kosa tu.

Baada ya hapo, kila hatua huingizwa katika programu pamoja na sharti lake. Sharti moja halifai kulegezwa: aliyeingiza ombi asiwe ndiye anayeliidhinisha. Kila mfanyakazi awe na nywila yake, wala asimwazime mwenzake.

Kazi zinazoweza kuachiwa kompyuta

Kazi zinazohitaji hesabu na kumbukumbu ndizo zinazofaa zaidi kujiendesha zenyewe. Mfano ni kanuni ya makato ya mshahara. Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia jumla ya makato kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Kwa mwalimu anayepata Sh36,000, makato yote hayapaswi kupita Sh24,000. Ikiwa tayari anakatwa Sh18,000, programu itaonyesha kwamba awamu ya mkopo mpya haiwezi kuzidi Sh6,000 kwa mwezi.

Mfano mwingine ni kuhesabu siku za kuchelewa. Kanuni za 2010 zilizotungwa chini ya Sheria ya Vyama vya Akiba na Mikopo ya 2008 zinavitaka vyama vinavyopokea amana kutenga pesa za kufidia mikopo isiyolipwa. Mkopo uliochelewa kati ya siku 1 na 30 hutengewa asilimia 5. Kati ya siku 31 na 180, asilimia 25. Kati ya siku 181 na 360, asilimia 50. Na zaidi ya hapo, asilimia 100. Karani anayehesabu kwa mkono huweza kupitiwa. Programu haichoki.

Hata hivyo, hesabu hiyo huanzia tarehe iliyo katika mkataba. Kwa hivyo mkopo wa mkulima uwekewe tarehe za malipo zinazolingana na msimu wake, zikubaliwe tangu mwanzo, na zisibadilishwe baadaye kwa nia ya kuficha deni.

Aidha, ujumbe wa simu umtangulie mkopaji siku kadhaa kabla ya tarehe ya kulipa. Akichelewa, mdhamini naye aarifiwe mapema, wakati bado anaweza kwenda kuzungumza na mwenzake. Mdhamini anayepata habari siku akiba yake inapokatwa hajatendewa haki.

Kazi za binadamu

Uamuzi wa kumnyima mtu mkopo haufai kuachiwa mashine pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliofanywa na mitambo pekee, isipokuwa katika hali chache. Hata katika hali hizo, anastahili kuarifiwa kwa maandishi na anaweza kuomba uamuzi huo uangaliwe upya.

Ushauri nao ni wa binadamu. Programu yaweza kumwonya afisa kwamba mwanachama ameomba mkopo wa tatu kabla ya kumaliza wa pili. Haijui iwapo anasomesha mtoto, anauguza mzazi au anajitumbukiza katika madeni. Ni afisa atakayeuliza.

Kabla ya kuanza

Inafaa mpango mpya ujaribiwe kwa mikopo ya zamani ambayo matokeo yake yanajulikana, ya walimu na ya wakulima, huku daftari likiendelea kutumika. Majibu yakitofautiana, chanzo kitafutwe kabla ya daftari kuwekwa kando. Nakala za kumbukumbu zihifadhiwe mahali pengine, kwani umeme hupotea na kompyuta huharibika.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kompyuta ni daftari lenye uwezo wa kukumbusha, lakini wa kulisoma na kuchukua hatua bado ni watu.