Majengo ya Nani, Kazi za Nani? Funzo la Baltimore

Viongozi wa miji wanapotaka kutumia fedha za umma kujenga upya kitovu cha jiji, hoja yao ya kwanza huwa ni kazi. Wananchi huambiwa: toeni kodi leo, hoteli na maduka yatajengwa, na vijana wenu wataajiriwa. Hoja hii si ya kupuuza, kwani asiye na kazi hali hotuba. Lakini si ya kumezwa bila kutafunwa. Mjenzi huhesabu idadi ya ajira. Mfanyakazi huhesabu mshahara, saa za kazi na uhakika wa kesho. Hesabu hizi mbili hazifanani.

Katika makala hii tunachambua historia ya jiji la Baltimore, katika jimbo la Maryland, mashariki mwa Marekani. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, kwa miaka mingi lilisifiwa kuwa mfano wa kuigwa na miji mingine. Pili, wafanyakazi wake wenyewe walilijibu swali letu kwa vitendo.

MSINGI WA ZAMANI

Baltimore lilikuwa jiji la bandari na viwanda. Nje kidogo ya mpaka wake, mahali paitwapo Sparrows Point, palikuwa na kiwanda cha chuma cha kampuni ya Bethlehem Steel. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kiwanda hicho kiliajiri watu wapatao 30,000. Tangu 1941 wafanyakazi walikuwa na chama chao kilichotambuliwa na kampuni, na kwa nguvu ya chama hicho mtu asiye na elimu kubwa aliweza kulisha familia na kuzeeka akiwa na pensheni.

Hatusemi kwamba ilikuwa pepo. Wafanyakazi weusi walirundikwa katika idara zenye joto na vumbi kubwa, na milango ya idara nyingine haikufunguliwa kwa nguvu ya sheria mpaka 1974. Lakini kulikuwa na ngazi, na ngazi hiyo ilikuwa na vidato vya kati.

Kisha mtaji ukahama. Viwanda vilifungwa au vilikimbilia kwingine, na familia za wazungu zilihamia vitongoji vya nje pamoja na kodi zao. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na watu 949,708; mwaka 2020 walibaki 585,708. Bethlehem Steel ilifilisika mwaka 2001, na mwaka 2012 tanuri za Sparrows Point zilizimwa kabisa.

FEDHA ZA UMMA ZAINGIA KAZINI

Wakubwa wa biashara hawakungoja anguko hilo likamilike. Mwaka 1955 waliunda kamati yao, Greater Baltimore Committee, na mwaka 1958 mpango wa Charles Center ulitangazwa: kubomoa na kujenga upya ekari 33 katikati ya jiji. Mwaka 1964 ukafuata mpango wa Inner Harbor, yaani bandari ya ndani, ambako magati ya zamani yalikuwa yakioza. Meya William Donald Schaefer, aliyeongoza jiji kuanzia 1971 hadi 1987, ndiye aliyeusukuma mpango huo kwa nguvu zote. Jumba la mikutano lilifunguliwa 1979, maduka ya Harborplace 1980, jumba la samaki la taifa 1981, na katika mwaka huo huo hoteli ya Hyatt, iliyopata msaada wa dola milioni 10 kutoka serikali ya shirikisho. Baadaye vikaja viwanja vya michezo: wa besiboli wa Camden Yards mwaka 1992 na wa mpira wa Kimarekani mwaka 1998.

Fedha zilipita katika mifereji mingi: ruzuku, mikopo nafuu, ardhi ya umma, na misamaha ya kodi. Sehemu ya fedha za viwanja ilitoka katika bahati nasibu ya jimbo. Mnunuzi maskini wa tiketi aliyeota utajiri akawa amejenga kiwanja ambacho huenda hakumudu kiingilio chake. Zaidi ya hayo, kuanzia 1976 hadi 1986 mfuko mkubwa wa mikopo ya ujenzi wa jiji uliendeshwa na wadhamini wawili tu, nje ya utaratibu wa kawaida wa baraza la madiwani. Magazeti ya huko yaliuita serikali ya kivuli. Kada anapaswa kuiwekea alama hatua hii. Mahali ambapo fedha za wote zinagawanywa na wawili, masharti ya wafanyakazi hayana wa kuyasemea.

KAZI ZIPI, ZA NANI?

Je, kazi zilipatikana? Ndiyo, maelfu ya kazi. Asemaye kwamba hakuna kilichopatikana anaidanganya historia. Lakini tuzichambue.

Juu palikuwa na kazi za ofisini: wanasheria, mabenki, bima. Nyingi zilishikwa na watu wanaoingia mjini asubuhi kwa magari na kutoka jioni na mishahara yao kwenda kuilipia kodi vitongojini. Chini palikuwa na kutandika vitanda, kuosha vyombo, kufagia na kulinda. Hizo ndizo zilizomfikia mkazi wa jiji, hasa mwanamke mweusi: mshahara wa kima cha chini, saa zinazopanda na kushuka kwa msimu wa watalii, na mara nyingi bila bima ya matibabu. Vidato vya kati, vile vya kiwandani, havikujengwa upya. Mtoto wa mfua chuma akawa kibarua wa hoteli.

Tena, si kila kazi iliyohesabiwa kuwa mpya ilikuwa mpya. Kampuni ya fedha ya Legg Mason ilihama mwaka 2009 kutoka jengo lake la kitovu cha zamani kwenda mnara mpya wa Harbor East. Mwaka 2013 jiji liliidhinisha hati za mkopo za dola milioni 107 kwa ajili ya mtaa jirani wa Harbor Point, na mwaka 2025 kampuni ya T. Rowe Price ikahamia huko kutoka mtaa wa Pratt, mwendo mfupi kwa miguu. Upande mmoja taa zikawaka, upande mwingine zikazimika.

Na bei ya kila kazi je? Mwaka 1996 idara ya utafiti ya Bunge la Marekani ilipiga hesabu ya kiwanja cha mpira wa Kimarekani cha Baltimore. Ilikadiria kwamba kila kazi ingeugharimu umma dola 127,000, wakati mfuko wa kawaida wa maendeleo wa Maryland ulizalisha kazi moja kwa dola 6,250. Kwa bei ya kazi moja ya kiwanjani zingepatikana kazi ishirini kwingine. Na mlipaji ni nani? Mwenye nyumba wa Baltimore hulipa kodi ya jengo takriban mara mbili ya kiwango cha jirani yake wa nje ya mpaka, huku minara mingi mipya ikipewa nafuu ya miaka mingi.

UPANDE WA PILI WA HOJA

Watetezi wa ujenzi huu wana jibu, na haki yake ni kusikilizwa. Wanasema: viwanda vingeondoka hata kama hoteli zisingejengwa. Bila bandari mpya jiji lingekuwa na magofu tu, na kazi ndogo ni bora kuliko kukosa kazi. Sehemu ya kwanza ni kweli. Meya hana nguvu ya kuizuia kampuni ya chuma isihame.

Lakini jibu hilo linaruka swali. Hatuulizi kama jiji lilikuwa na haki ya kujenga. Tunauliza kwa nini lilipotoa fedha halikudai kitu. Mkopeshaji wa kibepari hatoi hata senti bila masharti: riba, dhamana, tarehe. Umma ulitoa mamilioni na kuomba ahadi.

WAFANYAKAZI WATOA JIBU

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachungaji wa makanisa ya weusi waliona jambo la kushangaza: waliopanga foleni kupata chakula cha bure makanisani walikuwa ni watu wenye kazi. Muungano wa makanisa uitwao BUILD, pamoja na chama cha wafanyakazi wa umma cha AFSCME, ukadai kwamba kila anayefaidi fedha za umma alipe mshahara unaotosha kuishi. Walitaka sharti hilo ziguswe pia hoteli na biashara za bandarini. Hilo hawakulipata. Walichopata, Desemba 1994, ni sheria iliyowabana wakandarasi wa huduma za jiji: dola 6.10 kwa saa, kupanda hadi dola 7.70 mwaka 1999, wakati kima cha chini cha taifa kilikuwa dola 4.25. Kwa mwaka mzima wa kazi, tofauti ni kati ya dola 8,840 na dola 16,016. Sheria hiyo ilikuwa ya kwanza ya aina yake katika zama hizi, na miji mingi ya Marekani iliifuata.

Mapambano hayakuishia hapo. Wafagizi wa Camden Yards walikuwa vibarua wa kutwa, wakichukuliwa na mawakala. Walijiunga katika umoja wao, United Workers, na mwaka 2007 walipotishia kugoma kula, mamlaka ya viwanja ilikubali kuwalipa mshahara wa sheria mpya ya jimbo, dola 11.30 kwa saa. Mwaka 2013 jiji likatunga sheria ya kuwataka wenye mikataba mikubwa wawape wakazi wake asilimia 51 ya nafasi mpya.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Kiwanja kilikuwa kile kile, ufagio ule ule, takataka zile zile. Kilichobadilika ni mkataba na nguvu iliyokuwa nyuma yake.

MAFUNZO

Kwanza, jengo halizai kazi nzuri. Ubora wa kazi huamuliwa na uwiano wa nguvu kati ya mwajiri na mwajiriwa siku mkataba unapoandikwa.

Pili, masharti huandikwa kabla fedha hazijatoka. Baada ya mnara kusimama, mwenye mnara hana sababu ya kusikiliza.

Tatu, hesabu ya ajira ikaguliwe: ni ngapi mpya, ngapi zimehama mtaa, ngapi za wakazi, kwa mshahara gani.

Nne, mapambo huchakaa. Harborplace iliwekwa chini ya mfilisi mwaka 2019, na Novemba 2024 wapiga kura waliruhusu eneo hilo lijengwe tena kwa namna nyingine, pamoja na nyumba za kupanga. Miaka 44 baada ya kufunguliwa kwake, jiji limerudi kwenye meza ile ile ya mazungumzo.

Swali kwa wakazi ni kama safari hii wataketi mezani, au watasubiri nje kupewa ufagio.