Mashine ya Kuzibua Bomba Kuu

Zamani mabomba ya udongo ya maji machafu yalipounganishwa kipande kwa kipande ardhini, mizizi ya miti, kwa tamaa yake ya maji, ilijipenyeza katika maungio hata ikaliziba bomba kuu, na mwenye nyumba hakuwa na hila ila kuichimbua bustani yake, kazi ya mashaka na gharama. Huko Iowa, Marekani, Samuel Blanc, aliyetaabishwa na bomba la mwanawe, aliunda kwa mota ya mashine ya kufulia, magurudumu ya viatu vya kuteleza na kamba ya chuma, chombo chenye visu vya kuzunguka. Na katika miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, akawauzia wasio na kazi chombo hicho kwa dola 250, thamani si haba kwa fukara, wapate riziki (ya halali, nami sioni aibu yake) katika taka za jirani zao.