SOMO LA KOILI: JINSI WATU WALIVYOJIFUNZA KUIPIMA

Leo tunaendelea na mashine ndogo za petroli. Ikiwa wewe ni mkulima wa Nyegina, na pampu yako ya maji imegoma huku mboga zinanyauka, utaambiwa upesi, "Koili imekufa, nunua nyingine." Labda ni kweli. Labda koili ni nzima, na fedha yako itakwenda bure. Basi tutazame jinsi watu walivyojifunza kuijua koili mbovu, maana vipimo vya zamani bado vina kazi.

Koili ni chuma kilichozungushiwa waya mara mbili: waya mnene wa mizunguko michache, na waya mwembamba kama unywele, wa maelfu ya mizunguko. Umeme ukikatwa ghafula katika waya mnene, katika ule mwembamba huzuka umeme wa nguvu nyingi, nao huruka kwenye plagi. Kanuni hii aliigundua Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831. Koili yenyewe ilitengenezwa na padri, jambo ambalo watu wa Nyegina, waliozoea misheni, hawatalistaajabia. Huyo ni Padri Nicholas Callan, mwalimu wa seminari ya Maynooth huko Ireland, mwaka 1836.

Alipimaje nguvu yake? Mita hakuwa nayo. Aliwashikisha wanafunzi wake waya, akatazama wanarushwa kiasi gani! Husimuliwa kwamba mmoja wao, William Walsh, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Dublin, alizirai. Wako hata leo mafundi wanaoshika waya wa plagi kwa mkono. Wewe usiwaige.

Kisha alikuja Heinrich Ruhmkorff, fundi Mjerumani aliyefanya kazi Paris. Tangu mwaka 1851 koili zake zilisifiwa sana, na sasa watu walipima urefu wa cheche badala ya maumivu ya mwanafunzi. Lakini kila walipotaka cheche ndefu zaidi, umeme ulitoboa kinga iliyo kati ya waya na waya, ukapita njia ya mkato ndani kwa ndani. Mwaka 1857 Edward Ritchie wa Boston, Marekani, aliugawa waya mwembamba mafungu mafungu ili sehemu zenye nguvu zisikaribiane. Kwa njia hiyo Alfred Apps wa London, katika miaka ya 1870, alitengeneza koili yenye waya wa kilometa 450 hivi. Cheche yake ilifika sentimeta 107. Yako haihitaji hata sentimeta moja, lakini ugonjwa wake ni ule ule.

Hapa ndipo mita hudanganya watu. Mita ya fundi hutumia betri ndogo. Itakuambia kama waya umekatika: upande mnene husoma ohm chache au pungufu ya moja, na upande mwembamba maelfu kadhaa. Haiwezi kukuonyesha kinga inayotoboka pale tu umeme unapofika maelfu ya volti. Koili huweza kusoma vizuri kwenye mita, na bado ikawa mbovu.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, badili plagi kwanza. Kisha chomoa kwenye koili waya mdogo wa swichi ya kuzimia. Ukigusa chuma mahali, huua cheche yote. Sogeza petroli mbali, funga bomba lake. Tumia kipima cheche chenye nafasi ya milimeta 6 hivi, kikiwa kimefungwa vema kwenye chuma cha injini, uvute kamba. Plagi ya kawaida ikitoa cheche nje haitoshi: Friedrich Paschen alionyesha mwaka 1889 kwamba hewa iliyobanwa huhitaji umeme wenye nguvu zaidi kuivuka, na ndani ya silinda hewa imebanwa.

Mashine ikizima baada ya nusu saa, kisha ikawaka tena ikipoa, ipime papo hapo ingali moto. Koili ya namna hiyo, ukiipeleka kwa fundi imeshapoa, ataiona nzima.